Mama Aliyeomba Kuona Leseni

Juzi nilimpa lifti jirani yangu, mama wa mtaa wa Dixon hapa Kanada, na bintiye hadi kliniki ya kutoa mimba. 

Pale mapokezi, mbele ya karani, mama alianza kukagua kuta, kama afanyavyo mtu wa Nakuru akiingia duka la dawa, maana kule leseni hutundikwa mbele ya macho.

"Kaka, mwambie huyu dada anionyeshe leseni. Mbona siioni?"

Binti akafunika uso. Akamjibu kwa Kiingereza kwamba hapa ni Kanada, asimtie aibu.

"Dada yangu naye aliambiwa asiulize," mama akasema polepole. "Aliingia chumba cha nyuma ya duka la kinyozi akitembea. Tulimtoa kwa blanketi."

Nikatafsiri. Karani hakucheka. Aliingia ofisini, akarudi na leseni ndani ya fremu yake, akailaza juu ya kaunta. Mama akaisoma kwa kidole mpaka tarehe ya mwisho, kisha akamvua bintiye koti.

"Haya, nenda mwanangu. Mimi niko hapa."

Watu hugombana, tena kwa mabango, nani aruhusiwe kuingia mlango ule. Mama yule alitaka kujua nani amehakikisha kwamba mwanawe atatoka.