Diski Iliyokula Mpunga

Aibu hii nimejitafutia mwenyewe. Nilimwambia baba, mkulima wa Bahi, kwamba kompyuta yangu ni nzito kwa utafiti wa chuo, na diski mpya ya SSD inapanda bei kila wiki. Ukweli nilitaka gemu la mpira lifunguke haraka. Mzee alikuwa anasubiri mpunga upande bei. Kwa ajili yangu akauuza kwa bei ya kutupa, nami nikanunua diski.

Jumapili akaja kunitembelea chumbani kwangu Ipagala.

"Hebu washa, niuone huo utafiti."

Nikawasha, mjinga mimi, nimesahau kwamba gemu hufunguka lenyewe. Diski ya zamani ingenipa muda wa kulifunga. Hii haikunipa hata nafasi ya kukohoa.

Baba akavaa miwani, akawatazama wachezaji wakiingia uwanjani.

"Mpunga wangu," akauliza taratibu, "uko timu gani?"