Kona ya Delyth

Kila Alhamisi saa nne asubuhi Idwal Prosser alivua shati, akaketi kwenye kigoda cha bafuni, akangoja kuoshwa mgongo. Hakuoshwa na mkewe. Hakuoshwa na wasichana wa huduma waliotumwa na halmashauri pia. Wawili walijaribu, na wote wawili aliwafukuza kwa maneno ambayo Eirwen, mkewe, alilazimika kuyaombea radhi pale mlangoni. Mgongo wa Idwal ulioshwa na Delyth Beynon, na kwa watu wa bonde la Cwm Helyg jambo hilo halikuhitaji maelezo.

Enzi za mgodi wa makaa ya mawe, wanaume walitoka shimoni weusi tii na kuingia bafu la mgodi thelathini kwa mpigo. Kwa kuwa hakuna mtu anayefikia katikati ya mgongo wake mwenyewe, kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumsugua. Idwal na Delyth walisuguana migongo miaka kumi na saba, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1987. Wakati huo Delyth alikuwa na jina jingine na alihesabiwa mwanamume. Alipotimiza miaka hamsini, mama yake akiwa ameshazikwa, alitoka nyumbani siku ya soko amevaa sketi ya kijani, akanunua samaki, akarudi kwake. Bonde zima lilikosa la kusema kwa wiki nzima, na kwa midomo ya bonde letu hiyo ni rekodi. Idwal alichukua miaka mitatu kulizoea jina jipya, lakini tangu alipolizoea hakulikosea tena hata mara moja.

Sasa Idwal alikuwa na miaka sabini na saba, vumbi la makaa limemjaa kifuani, na mrija wa oksijeni puani. Kutoka kitandani hadi bafuni ilimlazimu kupumzika mara mbili. Chini ya bega la kushoto alikuwa na kovu la buluu, makaa yaliyobaki ndani ya ngozi tangu siku dari ya mgodi ilipomwangukia, na kovu hilo lilimwasha mchana kutwa. Aliyemfukua siku ile ni Delyth, kwa mikono mitupu, kwa hiyo alijua panapowasha bila kuuliza.

"Hapo," Idwal alikuwa akisema, amefumba macho. "Hapo hapo. Usiondoke."

"Nitaondoka nikitaka. Nimeolewa na wewe?"

"Nani angekuoa, na mikono hiyo kama makoleo?"

"Mikono hii ndiyo iliyokuchimbua, mzee. Ningejua utakuwa na mdomo hivi ningechimba polepole."

Eirwen aliwasikia kutoka jikoni akikaanga vikate vya zabibu, na hiyo ndiyo ilikuwa nusu saa pekee katika wiki ambayo hakuwa na wasiwasi na mtu yeyote.

Eirwen mwenyewe, miaka sitini na sita, alifanya kazi kwenye bwawa la kuogelea la mji. Alitoa funguo za makabati, alipiga deki, na aliwakumbusha wenye kujisahau kwamba muda wao umekwisha. Kila Jumanne kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri bwawa lilikuwa la wanawake peke yao, na kwa miaka kumi na tisa Delyth hakukosa. Alivaa kofia ya mpira yenye maua ya manjano na kuogelea shingo juu, asije akaharibu rangi ya mdomo. Alibadilisha nguo kwenye kijichumba cha mwisho, mlango umefungwa, huku akipiga soga na kila mtu kupitia juu ya mlango.

Soga hizo ndizo zilizoleta shida. Sauti ya Delyth ni nzito. Hakuna aliyeijali mpaka alipokuja Cerys.

Cerys Maddocks alikuwa na miaka ishirini na tisa, muuzaji katika duka la dawa, msichana wa kuomba samahani hata ukimkanyaga wewe. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye alikuwa amemfanyia mambo ambayo mahakama iliyasikia milango ikiwa imefungwa. Daktari alimshauri aogelee. Jumanne ya tatu, akiwa amevaa nusu, alisikia ile sauti upande wa pili wa ubao, akajifungia ndani asitoke. Eirwen alikaa sakafuni nje ya kijichumba kile dakika arobaini, akizungumza na jozi ya miguu iliyoonekana chini ya mlango.

"Najua hana neno na mimi, Mama Eirwen," Cerys alisema baadaye, meno yakigongana. "Alinishikia mlango nilipoingia. Kichwa kinajua. Mwili haujui, na siwezi kuuambia."

"Huna haja ya kuuambia, mwanangu."

"Usimwambie ni mimi. Tafadhali. Ataniona mbaya."

Eirwen aliahidi. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, aliandika kwenye daftari la matukio kwamba mteja mmoja wa kike alipatwa na hofu katika chumba cha kubadilishia nguo kwa kusikia sauti ya kiume. Alitia sahihi. Hakutaja jina la mtu yeyote, na alidhani hapo amemaliza.

Kumbe huko London mahakama ilikuwa imetoa tafsiri yake ya nani ni mwanamke kisheria, na mwezi uliofuata halmashauri ikaleta barua. Saa ya wanawake sasa ni ya waliozaliwa wanawake. Jumanne hiyo Delyth alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho, basi chumba cha nguo kilichemka bila yeye.

"Delyth alikaa na mama yangu hospitali wiki mbili," alisema Mavis, akikamua nywele kwa hasira. "Leo nimwambie akabadilishie nguo wapi, kituo cha basi?"

"Hakuna aliyesema Delyth ni mtu mbaya," alijibu Glenys, ambaye ni mpole kuliko wote. "Ila mimi nimelea wavulana wanne na kumuuguza baba yao. Saa moja kwa wiki nataka niwe na wanawake tu. Nikisema hivyo naambiwa nina roho mbaya."

"Delyth ni mwanamke."

"Kwako."

"Kwake, Glenys."

Kila mmoja akavuta taulo lake. Na Eirwen, aliyekuwa na ufagio mkononi, alikuwa amemkubali Mavis aliposema na amemkubali Glenys aliposema, na hakujua mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Alikwenda kwa meneja, Gethin, akamwomba amwandikie mkubwa wake barua ya kumtetea Delyth. Gethin hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari la matukio na kuligeuza ili Eirwen alisome.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na huyu mteja bado anakuja?"

"Anakuja. Anakaa kwenye gari huko nje, kisha anarudi nyumbani."

"Basi niambie wewe. Niandike nini?"

Eirwen alilifunga daftari. Kazi ya kumpasha habari Delyth akaomba aifanye mwenyewe, kwa kuwa hakutaka asikie kutoka kwa mgeni.

Jioni ile alimweleza Idwal kila kitu. Idwal alisikiliza, akapumzika, kisha akacheka kidogo kwa pua.

"Wanawake mna shida," alisema. "Sisi tulilimaliza siku moja. Siku yake ya kwanza bafuni aliingia wa mwisho, akasimama bomba la kona, akaelekea ukutani. Vijana wakaanza maneno. Dai Mawson akataka kumgeuza. Nikamwambia, Dai, mguse, utaoga umeshika meno yako mkononi. Toka siku ile kona ikawa yake. Hata asipokuja kazini hakuna aliyeoga pale. Wageni wakija tunawaambia, hiyo ina mwenyewe."

"Mlijua kuwa yeye ni nani?"

"Tujue nini, Eirwen? Hatukujua kitu. Tulijua anahitaji kona."

Alilisema kwa fahari. Eirwen aliona kwamba mumewe, ambaye hakuwahi kujisifu hata kwa medali ya uokoaji, alikuwa akijisifu kwa hilo. Naye akaona mwanga. Kama wanaume thelathini wenye midomo michafu waliweza kumpatia mtu kona, yeye atashindwaje?

Kando ya chumba cha boila palikuwa na stoo ya mafagio yenye mlango wake na bafu lake la zamani. Gethin alikubali kwamba Delyth aitumie, na aogelee saa kumi, watu wote wanapoingia. Eirwen alifanya kazi Jumamosi na Jumatatu bila kulipwa. Alisugua vigae mpaka vikang'aa. Alileta kioo kutoka nyumbani, zulia dogo, kulabu mbili za shaba, na kibao cha kuwekea kofia yenye maua. Alipomaliza alisimama mlangoni, akafurahi, na mpaka leo furaha ile inamuuma kuliko barua yenyewe.

Jumanne Delyth alifika saa tisa kasoro kumi, begi begani. Eirwen alimpokea nje. Alimwambia yote isipokuwa Cerys. Delyth alisikiliza akitazama barabara.

"Nilisoma gazetini," alisema. "Nikajiambia, labda barua haitafika Cwm Helyg. Posta yetu unaijua."

"Nimekuandalia mahali. Njoo uone tu."

Delyth aliingia stoo. Alishika kulabu, alijitazama kiooni, alisukuma zulia kwa ncha ya kiatu. Kisha akatazama ukuta, muda mrefu.

"Idwal amekusimulia habari za kona," alisema.

"Amenisimulia. Nikadhani..."

"Najua ulidhani nini, mpenzi. Ni pazuri. Hakuna aliyewahi kunitengenezea mahali pazuri hivi." Alifuta macho kwa kiganja kile kipana. "Vigae vya kona ile vilikuwa mia moja arobaini na vinne, Eirwen. Kimoja kilipasuka mwaka 1976. Nilivihesabu kila siku miaka kumi na saba, nisigeuke ila kumsugua Idwal. Wao nyuma yangu wanaimba, wanarushiana sabuni, wanacheka. Idwal anadhani walinipa zawadi, na kweli walinipa, bila ile ningejiua. Lakini hapa kwenu ndipo nilipogeuka. Sirudi tena ukutani. Nina miaka sabini na miwili, siwezi."

Eirwen alifungua mdomo kumwambia ni nani anayeketi ndani ya gari jekundu pale nje, ili angalau ajue kwamba si chuki. Alikumbuka ahadi, akaufunga.

"Alhamisi utakuja?" aliuliza, akajichukia kwa kuuliza.

Delyth aliokota begi lake. "Idwal ananiacha nimguse kwa sababu tulioga pamoja. Amewafukuza wasichana, si ndiyo? Kwa sababu ni wanawake. Mimi hanifukuzi." Alitundika begi begani. "Nilikuwa nalijua hilo, nikajifanya silijui, kwa kuwa nampenda. Nilikuwa na Jumanne, kwa hiyo Alhamisi niliimudu. Sasa sina Jumanne. Mwambie sina hasira."

Aliondoka kwa miguu kuelekea kilimani. Hakutembea haraka wala polepole.

Saa tisa na robo Cerys alitoka kwenye gari, akaingia, akabadilisha nguo kwenye kijichumba cha mwisho. Aliogelea urefu mmoja wa bwawa, akashika ukingo, akaogelea kurudi. Alipoibuka alikuwa anacheka na maji yanamtoka puani, na Mavis, ambaye hakujua lolote, akampigia makofi. Eirwen alifurahi. Naapa alifurahi, kwa moyo wake wote. Kisha akaingia stoo, akafunga mlango, akalia mbele ya kile kioo mpaka Gethin alipobisha.

Alhamisi saa nne Idwal alivua shati, akaketi kwenye kigoda. Saa nne na nusu bado alikuwa ameketi, ngozi imemsimama vipele kwa baridi. Eirwen alimpigia simu Delyth, ikaita mpaka ikakatika. Akapasha maji, akakunja mikono ya sweta, akaingia bafuni.

"Wewe?" Idwal alisema.

"Mimi."

Hakumfukuza. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na mgongo ule hakuwahi kuuosha. Ulikuwa umekonda, mifupa yote inahesabika. Alisugua mabega, alisugua uti wa mgongo, alisugua kovu la buluu lote, juu na chini.

"Panda kidogo," Idwal alisema. "Hapana. Kushoto. Si hapo. Ndani zaidi."

"Wapi, Idwal? Nionyeshe."

Alijaribu kupeleka mkono nyuma, haukufika. Pumzi ilimwishia, akangoja irudi.

"Yeye anapajua," alisema. "Amekasirika?"

"Amesema hana hasira."

"Afadhali angekuwa nayo." Oksijeni ilitoa mlio mdogo puani mwake. "Ile kona uliyomtengenezea, ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Alisemaje alipoiona?"

Eirwen alikuwa na vigae mia moja arobaini na vinne mdomoni, na mbele yake mgongo wa mtu ambaye hakuwa na miezi mingi.

"Alisema asante," akajibu. "Alikumbuka kona yenu ya mgodini. Akasema asante kwa hiyo pia."

"Unaona?" Idwal alitabasamu, akainamisha kichwa. "Nilijua hajasahau."

Maji yalikuwa yameanza kupoa. Eirwen alilowesha kitambaa, akaendelea kusugua mahali pasipo penyewe.