Rozere au Rozie

Tangu nyanya yangu afariki, jamaa yetu imetunza rozari yake ndani ya kitambaa cheupe, na leo hatuna hakika kama ndiyo aliyotuomba tuitunze.

Shaka ilianza baridi ilipokwisha. Baba yangu mdogo alitaka kujenga chumba cha kupangisha nyuma ya jiko la tantini, dada yake mkubwa, hapa Kampemba. Alipokuwa akifyeka, panga lake lilifikia kichaka cha miiba chenye maua. Tantini akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamkemea mdogo wake.

“Petit, weka panga chini! Mama alisemaga nini mbele ya kufa? ‘Muchunge rozere yangu.’”

“Yaya,” baba mdogo alimjibu dada yake, “rozere iko mu sanduku yako. Hii ni majani tu.”

“Na kama alisema rozie?”

Kwa Kifaransa rozari ni rozere, na mti wa waridi ni rozie. Siku zile za mwisho nyanya alikuwa amebakiwa na sauti ndogo na meno machache.

“Basi tutasali na miiba!” baba mdogo alicheka. Hata hivyo alikubali kungoja, nami nikapewa kazi ya kulitambua ua.

Sijaona waridi kama lile. Linafunguka manjano hafifu, kesho yake ni la pinki, kisha jekundu la kukoza, na rangi zote tatu hukaa kwenye tawi moja. Petali ni chache, nyepesi kama karatasi ya kuvutia tumbaku. Nilipeleka tawi kwa wauza maua wa barabara ya Luano. Wote walilinusa, wote waliliomba, hakuna aliyelijua. Nilifukua shina nikatafuta kifundo ambacho mawaridi ya dukani huwa nacho pale yalipounganishwa na shina la mti mwingine. Halikuwa nacho. Mtu alichomeka kijiti, kikashika mizizi.

Aliyebaki wa kuulizwa ni mdogo wake nyanya, anayelima Lukafu. Tulimtumia picha kwa simu. Sauti yake ikarudi:

“Ni kweli, yaya alipandaga rozie kule nyuma ya jiko. Mimi njo nilimupatia katawi. Lakini yangu ilikuwa nyeupe.”

Baba mdogo alimtazama dada yake. Tantini aling’oa kamba ya kupimia msingi wa chumba, akaivuta hadi ng’ambo ya kichaka, akaifunga upya.

“Jenga kule.”

Lukafu hakuna mti uliobaki wa kulinganisha, na waridi letu bado hatujaliona likitoa ua jeupe.