Katoni ya Katikati

Mwanangu, kosa nitakalokusimulia linaitwa kupenda kuonekana, na aliyelitenda ni mimi, si jirani. Najua unahangaika kumchagulia mtoto wako shule. Kaa basi, unisikilize. Kuna wiki moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini ambayo haijanitoka akilini. Nilikuwa kijana mwenye duka la vifaa vya shule Kariakoo na nyumba ya kupanga Xiaobei, mjini Guangzhou, China, nikiishi huko na mke wangu Zuhura na binti yetu Rukia, aliyekuwa ametimiza miaka saba.

Tulikuwa na shule mbili za kuchagua. Ya kwanza, ya serikali, ilikuwa mtaani petu. Kuta zake zilikuwa zimebanduka rangi, na majirani walianika nguo juu ya uwanja wake. Mwalimu mkuu, baada ya kubembelezwa sana kwa kuwa tulikuwa wageni, alitushikia nafasi moja hadi Ijumaa jioni. Tukichelewa, anapewa mwingine. Ya pili ilikuwa ya binafsi, nje kidogo ya mji, yenye basi lake, lango la kioo na piano nyeupe ukumbini. Huko walinikaribisha chai, wakanipa kijitabu cha picha za rangi. Nakiri kwamba kabla chai haijapoa nilikwisha kuamua, na nilichokuwa nikikiwaza si masomo ya Rukia. Niliwaza picha nitakayowapelekea ndugu zangu Dar es Salaam, mtoto wangu akiwa amesimama mbele ya lango lile.

Zuhura alikitazama kijitabu, akakirudisha mezani. "Baba Rukia, lango ni zuri. Litamfundisha hesabu?"

Nilimwambia hajui mambo ya mji. Yeye, aliyekuwa akinunua samaki kwa Kichina fasaha kuliko changu!

Alhamisi nilikwenda Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, kununua madaftari kwa Bi Chen, mama wa makamo aliyeuza vifaa vya shule kwa jumla. Sisi wafanyabiashara wa kwetu tulikuwa na kawaida moja: katoni ya juu hatukuigusa, kwa sababu ya juu imepangwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Nikavuta ya katikati ya rundo, nikaichana, nikalamba kidole na kusugua mistari ya daftari nione kama wino utatoka. Huku nikisugua, nikamsimulia kwa Kichina changu cha sokoni habari za ile shule, nikamwonyesha na kijitabu.

Bi Chen alicheka mpaka akashika meza. "Laoban," alisema, maana pale kila mnunuzi huitwa bosi, "miaka mitatu unanichania katoni kana kwamba mimi ni mwizi. Huko shuleni umechana ipi?"

"Nimetembezwa kila mahali, Bi Chen."

"Umetembezwa! Hata mimi nikikutembeza humu utaona za juu tu. Daftari unalisugua kwa mate, halafu mtoto unampeleka kwa kutazama picha?"

Wapakizi walicheka. Nami nilicheka, lakini masikio yalikuwa yakiwaka moto.

Ijumaa asubuhi nilirudi kwenye shule ya lango la kioo bila miadi. Piano ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mfagizi alinieleza kwamba hufunguliwa wakija wageni. Ukumbini nikamuuliza mtoto mmoja kwa Kiingereza jina lake nani. Akasimama wima, akajibu kwa sauti tamu, "Karibu shuleni kwetu." Wa pili, jibu lile lile. Wa tatu nikamuuliza choo kiko wapi. "Karibu shuleni kwetu." Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika, kwani akilini nilimwona Rukia akiwa wa nne, akijibu vivyo hivyo.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikimbilia shule ya mtaani. Darasa lilikuwa limejaa pomoni. Mezani kwa mwalimu palikuwa na rundo la madaftari. Nikaomba ruhusa, nikavuta la katikati, na kwa mazoea nikalamba kidole. Mwalimu alinitazama kana kwamba nimepotea njia. Lakini kila ukurasa ulikuwa na wino mwekundu, na kila kosa mtoto alikuwa amelisahihisha, kisha mwalimu akalitazama tena. Nilimkuta mwalimu mkuu amekwisha kutundika mkoba begani. Akaketi tena, akaliandika jina la Rukia.

Wiki ya kwanza Rukia alilia. Mwezi wa pili alikuwa akinisahihisha Kichina mbele ya wauzaji, na heshima yangu sokoni haikupona.

Sikuambii, mwanangu, kwamba ya serikali ndiyo bora. Rafiki yangu alikagua kama nilivyokagua mimi, akaona ya binafsi ndiyo yenye walimu wa kweli, akampeleka mwanawe huko, wala hakujuta. Nakuambia hivi: nenda siku usiyotarajiwa. Omba daftari la mtoto ambaye hawakukuchagulia wao. Na kabla hujatoka nyumbani, jiulize shule hiyo unamtafutia mtoto, au unawatafutia wale watakaoiona picha yake.

Mungu ampe mwanao mwalimu asiyechoka kusahihisha, akupe wewe macho ya kupita lango, na siku utakapojisahau akuletee mtu wa kukucheka mapema, kama mimi alivyoniletea Bi Chen.