Mataifa Nayo Yafunge

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana, na kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, karibu kila mtu mzima alikuwa na kitu alichojinyima. Waislamu walifunga tangu alfajiri mpaka magharibi. Wakatoliki, wengine walikuwa wameacha nyama, wengine pombe, na shangazi yangu mmoja alikuwa ameacha sukari kwenye chai na kulitangaza jambo hilo kwa kila aliyepita barabarani. Katikati ya mfungo huo wa pande mbili wakaja wageni na katoni za soda.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari mjini Songea na nakaa mtaa wa Mfaranyaki. Mratibu wa mradi mmoja wa mazingira alinifuata nyumbani, akaniomba nimtafsirie mgeni wake kutoka ng'ambo kwenye mkutano wa kijiji. Alinichagua kwa kuwa mimi ni mtoto wa pale. Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Sikumwambia kwamba nilikuwa na sababu yangu ya kwenda, nayo ilikuwa bani la kaka yangu.

Bani ni banda la kukaushia tumbaku. Majani hutundikwa juu, moto huwashwa chini, na moshi hufanya kazi yake siku hata siku. Lile alilolitumia kaka lilijengwa na marehemu baba, akatuachia sisi wawili. Lakini mimi nilishika chaki na yeye akashika jembe, kwa hiyo lilikuwa lake kwa kila hali isipokuwa kwa urithi.

Moto wa tumbaku unakula kuni kama mgonjwa aliyepona anavyokula ugali. Ndiyo maana kijiji, baada ya kijito cha bondeni kuanza kukauka mapema na mvua kukatika mahindi yakiwa bado yanachanua, kilipitisha sheria ndogo: hakuna kukata mti mbichi katika msitu wa kijiji kwa ajili ya bani. Kila mkulima apande miti yake. Atakayekiuka, bani lake litafungwa kwa kufuli mpaka msimu uishe. Kaka mwenyewe alinyoosha mkono siku sheria ile ilipopitishwa.

Kisha akakata. Miti aliyoipanda ilikuwa bado haijafikia unene wa kuni, tumbaku ilikuwa imeiva shambani, na nyumba yake mpya ilikuwa imesimama kwenye lenta kwa muda mrefu ikisubiri bati. Alikata miyombo mibichi ya msitu wa kijiji, akatundika majani, na kabla hajawasha kiberiti mwenyekiti wa kijiji akafika na kufuli. Majani mabichi yakafungiwa humohumo. Tumbaku isiyopata moto haichukui muda kuoza, na mimi nilikwenda kwenye mkutano ule nikiwa nimepanga maneno ya kumwombea.

Tulikaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mgeni alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alieleza kwamba moshi wa viwanda, wa magari na wa makaa ya mawe unazidi kuipasha dunia joto, na mvua zinayumba kwa sababu hiyo. Hapo hakuna aliyebisha, maana kuyumba kwa mvua tulikuona wenyewe. Halafu akasema kuna mjadala mkubwa duniani: je, mataifa yabanwe kisheria kupunguza moshi wao, au kila taifa litoe ahadi kwa hiari yake? Nilitafuta neno la haraka. Nikasema, "Anasema wanajadiliana kama mataifa yajifunge, au kila moja liahidi tu kile litakachoweza."

Mzee mmoja wa msikitini, aliyekaa mbele na midomo imemkauka, akainua kichwa. "Kumbe nao wanafunga?"

Watu wakacheka. Nilitaka kusahihisha, nieleze kwamba nilikuwa na maana ya kufunga kama mzigo unavyofungwa kamba. Lakini mzee hakuwa anafanya mzaha. "Muulize, mwalimu," aliendelea. "Funga ina nia, na ukiivunja unailipa. Mmoja wao akila mchana, nani anamwambia kitu?"

Nikaona neno limekaa vizuri kuliko nilivyolitupa, nikaliacha palepale lilipoangukia. Nilimfikishia mgeni swali lote, pamoja na habari za mfungo. Alitabasamu, akajibu kwamba kila taifa hutangaza lenyewe limefikia wapi. Likishindwa, mengine yanaweza kulinyooshea kidole, lakini hakuna adhabu.

"Kwa hiyo mlaji ndiye anayetuambia kwamba hajala," alisema mzee, akarudi kuinamia fimbo yake.

Mratibu alinisogelea akaninong'oneza. Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Taifa kubwa, alisema, ukilibana linaondoka mkutanoni na kwenda zake; ukiliachia hiari, angalau linakaa na wenzake na kuona aibu kidogo. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi tangu siku ile, kwa watu wa heshima zao, na kila mara inanipandisha hasira. Mbona hakuna aliyeitumia kwa kaka yangu? Hakuna aliyesema, huyu tukimbana atahama kijiji, basi tumwachie aahidi anachoweza. Aliletewa kufuli. Mnyonge hupewa sheria na mwenye nguvu huombwa, halafu sisi tunaambiwa tupige makofi.

Kaka akasimama. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, kwa sababu alijua siku hiyo atatazamwa. "Mimi mmenifunga," alisema. "Nilikosa, sibishi. Ila naomba mgeni aulizwe. Huko kwao, kuna bani hata moja lililotiwa kufuli majani yakiwa ndani?"

"Fupisha, mwalimu," mratibu akaniambia. "Mwambie wananchi wanaunga mkono jitihada."

Sikufupisha. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi, kufuli nikaliita kufuli, na nilipomaliza nikamweleza mgeni pia kwamba nilikuwa nimeombwa nifupishe. Mratibu alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. Mpaka leo hajaniita tena kutafsiri, na sijaumwa na jambo hilo hata kidogo.

 Mgeni akajibu, na kwa hili namheshimu, bila kuzungukazunguka: hapana, kwa sasa hakuna awezaye kwenda kwa jirani yake na kufuli.

Nilipolitafsiri hilo, mkutano ulichafuka. "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu," mtu mmoja wa nyuma alisema. "Wao wanakula mchana kweupe, sisi tunafunga kwa faida ya nani? Bani lifunguliwe." Wengi wakamuunga mkono. Mwenyekiti aliona upepo umegeuka. Akasema bani lile ni la marehemu mzee wetu, na sisi ndio warithi. Kama wote wawili tungesimama na kuomba, angetuma mtu akalete ufunguo sasa hivi.

Kaka hakukaa. Alinigeukia tu, akisubiri nisimame pembeni yake.

Nilijua yote ambayo msomaji anayajua. Nilijua kwamba moshi wa bani letu mbele ya moshi wa dunia ni chumvi ya vidole viwili ndani ya Ziwa Nyasa. Nilijua kwamba bati za nyumba yake zilikuwa ndani ya majani yale. Nilimpenda, na bado nampenda. Lakini swali lake lilikuwa limemfanya mtu aliyetoka mbali akiri ukweli, na lilikuwa na nguvu kwa sababu kufuli lilikuwa mlangoni. Tukilifungua, swali lingekufa palepale. Mgeni angerudi kwao akijua kwamba na sisi hufunga mpaka njaa ituume, basi. Na msitu je? Jirani wa kaka naye alikuwa na tumbaku iliyoiva.

"Mimi siombi," nilisema. Nilisema kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, ili mgeni naye asikie.

Kaka alikaa chini polepole. Hakuna aliyepiga makofi, na nisingependa yapigwe.

Mwenyekiti alimruhusu kutoa majani ayasambaze uani kivulini aokoe atakachoweza, kwa kuwa mabani ya wenzake yalikuwa yamejaa. Asubuhi ya kesho yake, kabla sijarudi mjini, nilikwenda kumuaga. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Majani ya chini yalikwisha kushika ukungu. Niliinama nikaanza kuyachambua naye, yeye upande wake, mimi upande wangu.

"Siyo kijiji kilichonifunga," alisema. "Ni wewe."

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."

"Na wale nani atawafunga?"

Nilichukua jani jingine lenye ukungu, nikalitenga. Nyumba yake iko kwenye lenta mpaka leo. Nikienda kumtembelea huwa tunazungumza habari za watoto na za mvua, na bani hatulitaji. Nyakati nyingine nasikia redioni kwamba mataifa yamekutana tena mji fulani, wakuu wamejipanga mstari wakapigwa picha, wameahidi kujitahidi. Mimi sitaki tena kusikia wanajitahidi. Nataka sheria yenye kufuli, na nataka mmoja wao asimame mbele ya ndugu yake wa tumbo moja, majani yakiwa yametundikwa na ufunguo ukiwa karibu, aseme: mimi siombi.