Aya Ambayo Haikuwamo

Shemeji yangu mtaani wanamwita Profesa, naye huitika, ingawa uprofesa anausikia kwa wenzake tu. Sina la kuficha: simpendi.

Yeye na dada yangu wote ni wahadhiri wa sheria, ila dada ni wa mkataba. Mkuu wa idara alimwambia wazi kwamba asipotoa makala kwenye jarida la sheria ya katiba mwaka huo, mkataba hautaongezwa. Basi akaandika juu ya haki ya raia kusikilizwa kabla serikali haijambomolea nyumba. Aliandikia kwenye meza ya kulia, akihamisha makaratasi kila watoto walipotaka kula. Shemeji alisoma rasimu, akasifu, akasema aya ya fidia tu ndiyo dhaifu. Dada akaiondoa yote, akaituma makala. Shemeji mwenyewe jarida hilo lilikuwa limeshamkatalia mara mbili, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Jarida huficha jina la mwandishi, kisha hupeleka makala kwa wasomaji wawili wa kuipima, ambao nao hawatajwi. Wa kwanza aliisifu. Wa pili aliiponda, mhariri akaikataa. Dada alilia mpaka nami niliyepita kusalimia tu nikashikwa na uchungu. Shemeji akamkumbatia, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti wasomaji wa siku hizi ni wavivu.

Kesho yake nilimkuta dada halii tena. Alikuwa akirudia ripoti ya yule wa pili. Kosa kubwa aliloliona msomaji huyo lilikuwa aya ya fidia.

Alimwita mumewe, akamwekea mbele makala kama ilivyotumwa.

"Baba watoto, nionyeshe hiyo aya."

Shemeji akavaa miwani, akafunua kurasa mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Jarida lilipompelekea makala hiyo aipime, hakuwa amejisumbua hata kuisoma. Alikuwa ameiponda rasimu aliyoisoma nyumbani.

"Nilitaka uandike vizuri zaidi," alisema.

"Si ungeniambia hapa hapa mezani?"

Nilimhimiza dada amwandikie mhariri. Akaandika. Akajibiwa kwamba majina ya wasomaji ni siri, na uamuzi wa jarida haukatiwi rufaa.

Muhula mpya ulipoanza, somo la dada lilipewa Profesa wetu. Alitoka asubuhi kwenda kulifundisha, na shati alilovaa alikuwa amepigiwa pasi na dada.