Mvi za Tereza na Kola ya Nkwabi

Mvi za kwanza za Tereza hazikuonwa na kioo. Zilionwa na Dorcas, Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mwaka tisini na nne, kwenye kizingiti cha nyumba yake kule Kirumba, pale majabali yanapozibana nyumba mpaka mtu anapita ubavu ubavu. Tereza alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mabega katikati ya magoti ya mwenzake, akisukwa mtindo wa twende kilioni. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili baada ya kanisa: wiki hii Dorcas anamsuka Tereza, wiki ijayo Tereza anamsuka Dorcas. Walianza hivyo walipokuwa dawati moja shule ya msingi kule Bujora, na waume, watoto na biashara ya dagaa vyote viliwakuta bado wanasukana.

Chanuo likasimama.

"Tere, tulia."

"Nini, chawa?"

"Afadhali chawa, yule anauawa. Mvi. Tatu. Ngoja, nne. Hii ya nne imejificha nyuma ya sikio kama mtoro wa shule."

"Ng'oa."

"Ukiing'oa moja zinakuja saba kuizika. Mama yangu aling'oa, mwaka haukuisha akawa na kichwa kama gunia la pamba."

"Ng'oa, nimesema. Kichwa changu."

Dorcas akazing'oa, akamwekea kiganjani. Nyeupe, ngumu, zimejikunja. Tereza akazipuliza zikaenda na upepo wa ziwani, akacheka, yakaisha.

Hayakuisha. Jumapili iliyofuata zamu ikawa yake kusuka, na akakifungua kichwa cha Dorcas mstari kwa mstari kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Akatafuta kwenye paji. Akatafuta kisogoni. Akatafuta nyuma ya masikio yote mawili. Hakuna hata moja. Kichwa cheusi tii, kama tako la sufuria ya kuni.

"Mbona leo unaniumiza?" Dorcas akauliza.

"Nywele zako zimejifunga."

Nywele hazikuwa zimejifunga. Roho ndiyo iliyojifunga. Hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja. Dorcas mume wake alikwenda machimboni miaka sita nyuma, mpaka leo hata salamu. Anaishi chumba kimoja na binti yake Queen, paa likivuja anapanda mwenyewe. Tereza ana nyumba Pasiansi, ana Nkwabi, mume anayerudi nyumbani jioni na kola safi, karani wa mizani kwenye ghala la pamba. Kama ni shida inayoleta mvi, mwenye shida anajulikana. Basi Mungu alikuwa amekosea kichwa.

Na kule Mwaloni, sokoni, watu wakawa kama wameambiwa. Meza zao zilikuwa zimegusana, dagaa wa huyu na dagaa wa yule wanatazamana. Asubuhi moja mpagazi akapita na gunia begani, mtu mzima mwenye ndevu zake. Akamwambia Dorcas, "Mambo, dada." Akamgeukia Tereza, akainamisha kichwa pamoja na gunia: "Shikamoo, mama."

Tereza akaitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi. Lakini ilimkaa kooni siku nzima kama mwiba wa sangara. Dorcas naye badala ya kunyamaza akacheka. "Pokea, Tere, heshima hiyo. Sisi wengine bado tunatongozwa."

Tereza akaanza kuhesabu. Nkwabi akipita sokoni alikuwa anasimama meza ya nani kwanza? Ya Dorcas. Anamwita "shemeji" kwa sauti gani? Laini. Zamani mambo hayo yalikuwa utani wa shemeji, na yeye mwenyewe Tereza ndiye aliyekuwa akisema, "Mchukue umfulie wiki moja, utamrudisha." Sasa kila neno akalipima upya, na kila alilopima likazidi uzito.

Ilipofika Pasaka Dorcas akaacha kusukwa. Akaja sokoni amejifunga kilemba kikubwa cha kitenge. "Siku hizi nakwenda saluni," akasema, macho yakiwa kwenye dagaa. Siku hizo saluni zilikuwa zimezuka Kirumba kama uyoga, kila chumba cha mbele kimepakwa rangi na kuchorwa mwanamke wa Kizungu ukutani. Tereza akasema hewala. Akarudi nyumbani akajisuka mwenyewe mbele ya kioo, vibaya, mistari imekwenda kombo kama njia ya ng'ombe. Miaka ishirini na tano ya Jumapili, inaachwa kwa neno moja kama nauli imepanda. Mwanamke anayeficha kichwa chake kwa msusi wake ana jambo.

Jambo lenyewe akaliona Jumamosi moja, kwenye beseni. Alikuwa anafua mashati ya Nkwabi, akafika kwenye lile jeupe la kazini, kwenye kola, kwa nyuma: doa jeusi. Si grisi, grisi anaijua. Si wino. Akasugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka, doa likageuka kahawia, likakaa palepale. Akalinusa. Piko. Ule unga mweusi wanaopakia nywele watu wanaozikana mvi.

Tereza akakaa chini, miguu ndani ya povu, na mambo yote yakapangana yenyewe. Kumbe Dorcas naye zimemtoka. Ndiyo maana kilemba. Anazipaka piko, na kichwa chake kibichi kinalazwa bega la nani?

Siku hiyohiyo, kama vile shetani ameajiri tarishi, jirani yao Mama Mhoja akaja kuomba moto. Akauchukua, akasimama mlangoni nao. "Mwenzangu, siutaki ugomvi. Lakini juzi mchana nimemwona baba wa hapa anatoka kwa rafiki yako, kwa mlango wa uani. Amevaa kofia."

"Kofia?"

"Na jua lile."

Nkwabi hajawahi kuvaa kofia tangu aoe.

Mwanamke mwingine angemuuliza mumewe. Tereza alikuwa na ulimi wa kuwauliza watu wote isipokuwa yule mwenye jibu. Alilala amegeukia ukuta, akaamka, na Jumatatu akaenda Mwaloni bila kunywa chai. Dorcas alikuwa anampimia dagaa mteja.

"Dorcas. Piko unanunua wapi?"

Mkono wa Dorcas ukasimama juu ya kopo. Akamtazama upesi, akatazama pembeni, na kule kutazama pembeni ndiko kulikomaliza kesi. "Piko ipi?"

"Unayompakaza mume wangu kwenye kola. Nimeifua kwa mikono hii. Nilikuachia meza jirani, nikakuachia kichwa changu, mume sikukuachia."

"Tere, twende pembeni tuzungumze."

"Pembeni mmekwenda nyie wawili, kwa mlango wa uani. Mimi naongelea hapahapa."

Wanawake wakaacha kupepeta. Wapagazi wakatua magunia, mwenye ndevu akiwa mbele. "Kama huna jambo, vua kilemba," Tereza akasema. "Vua tuone ujana."

"Usinifanyie hivyo, Tere. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Tereza akanyoosha mkono, akakivuta.

Soko la Mwaloni halinyamazi, hata mvua ya mawe ikinyesha. Siku hiyo lilinyamaza. Kichwani kwa Dorcas hapakuwa na piko, maana hapakuwa na nywele za kupaka piko. Utosi mzima ulikuwa umebabuka, mwekundu mahali, mweupe mahali, na pembeni vijinywele vifupi vimesimama kimoja kimoja kama mimea kwenye shamba lililoungua. Ilikuwa dawa ya saluni, ile ya kulainisha. Walimpaka siku mbili kabla ya Pasaka, na kabla ya kuiosha bomba likakata maji. Mpaka binti wa saluni amekwenda na ndoo ziwani akarudi, dawa ilikuwa imeshakula. Hayo Tereza aliyajua baadaye. Pale alikiona kichwa tu, alichokichana tangu kikiwa cha mtoto, na kitenge mkononi mwake kikawa kizito.

Dorcas hakulia. Aliinama, akachukua kilemba chake, akajifunga taratibu mbele ya macho yote yale. "Kamuulize mumeo," akasema. Basi. Akamgeukia mteja, "Makopo mangapi tulikuwa tumefikia, kaka?"

Tereza akafunika dagaa wake akaenda nyumbani. Njiani mvua ikatoka ziwani kwa kishindo, ikamkuta barabara ya Pasiansi, akaingia ndani amelowa chapachapa. Nyuma yake, haikupita hata nusu saa, akaingia Nkwabi, kofia imelowa mkononi. Tereza alikuwa amekusanya maneno ya kumpokea nayo.

Michirizi myeusi ilikuwa inamshuka Nkwabi kutoka kichwani, mmoja juu ya pua, mmoja kila shavu, inaingia kwenye kola nyeupe. Nyuma ya michirizi, juu ya masikio, mvi zilikuwa zinachungulia. Si nne. Nyingi.

"Kaa chini," Tereza akasema.

Nkwabi akakaa kwenye kigoda kama aliyeletwa na mgambo.

"Wanapunguza watu ghalani," akasema. "Tangu mwezi wa pili. Wanasema serikali inajitoa, anakuja mtu binafsi. Bwana mkubwa mgeni anapita na karatasi, anatutazama vichwani. Wazee wawili wa mizani wamekwisha kwenda. Nikajitazama nikaona nafuata mimi."

"Na Dorcas?"

"Kisogoni sijioni. Nilijaribu mwenyewe nikapaka masikio. Yeye ana mkono mwepesi. Nilimwapisha asikuambie."

"Mimi sina mikono?"

Nkwabi akajifuta pua, ikazidi kuwa nyeusi. "Mikono unayo. Na mdomo unao, mama Chenge. Ningepaka piko hapa asubuhi, jioni Mwaloni nzima inaniita kijana."

Ilikuwa kweli, na kweli ikija na uso wenye michirizi haina namna ya kuipinga. Lakini usidhani wivu ulimtoka Tereza. Ulihama chumba tu. Nkwabi angelala na Dorcas, Tereza angejua pa kuanzia ugomvi. Hili la kumwinamishia kisogo mwanamke mwingine, la kumpa woga wake autunze, mke yupo, hili alikosa hata jina la kulitukania. Na yule mwingine aliutunza. Alivuliwa nguo ya kichwa mbele ya soko zima, angeweza kusema neno moja akajiokoa, hakulisema.

Jumapili hakwenda kanisani. Alichukua chanuo na kopo la mafuta, akapanda kwenye majabali ya Kirumba. Dorcas alikuwa kizingitini, amejifunga kilemba, anachagua maharage. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

Tereza hakusema pole. Neno lilikuwa dogo, na soko lilikuwa limesikia makubwa zaidi. Akatandika mkeka mwenyewe, akaketi chini, akaingiza mabega katikati ya magoti ya Dorcas na kumpa chanuo juu ya bega bila kugeuka.

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo, moja moja. Kisha ungo ukawekwa chini.

"Nani kakusuka hivi?" Dorcas akasema. "Ng'ombe?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Akamfumua. Akamchana kwa nguvu, na Tereza akavumilia machozi yakimlenga, akijua analipishwa. Dorcas alisuka mpaka mwisho. Ndipo akamletea kioo.

Tereza mwenyewe alikuwa akizikunja mvi ndani, anazifunika kwa nywele nyeusi. Leo Dorcas alikuwa amezikusanya. Zile nne zilikuwa zimewaita wenzao kweli, na Dorcas amezitoa zote mbele, mstari mmoja mweupe katikati ya paji, umenyooka kama rula, mtu anauona kabla hajauona uso.

"Kesho utakuja nazo hivyo Mwaloni," Dorcas akasema. "Bila kilemba."

"Wiki nzima?"

"Mpaka zangu ziote."

Jumatatu Tereza akapita katikati ya soko kichwa wazi. Mpagazi mwenye ndevu akampa shikamoo, akaitikia. Wanawake wakatazamana, mmoja akaguna, hakuna aliyecheka kwa sauti. Alipofika mezani Dorcas akamsogezea kigoda kwa mguu.

Saa nne Nkwabi akapita, anakwenda ghalani kwa zamu ya mchana, ambako bado hawajamgusa. Kichwa cheusi, sikio la kushoto pia jeusi, maana sasa anayempaka piko ni mke wake, na mkono wake si mwepesi. Akasimama. Akasema, "Habari za asubuhi, shemeji," kwa sauti ileile laini.

Tereza akakamata kopo la dagaa, akalijaza mpaka likamwagika, akauma ulimi. Dorcas akamwona.

"Sema tu, Tere," akasema. "Utapasuka."

"Sina la kusema," Tereza akajibu. "Mwambie aanze na meza yangu."